Redio ya Bibi, Gitaa la Mjomba: Shajara ya Ampu ya Valvu

7 Juni

Redio imefika Makorora. Nimeileta kwa bajaji kutoka Barabara ya 8, Ngamiani, nimeipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki. Bibi aliyeniuzia anasema haijatoa sauti tangu mumewe afariki, na miaka yote hiyo imekaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Alitaja Sh 30,000. Nilitoa 40,000 kwa aibu tu, maana yeye alidhani anauza redio, na mimi nilikuwa nanunua transfoma mbili.

Nia yangu ni kujenga ampu (kikuza sauti) ndogo ya gitaa, ya valvu (vile vioo vyenye nyuzi zinazowaka ndani ya redio za zamani), wati 5 hivi. Ni ya mjomba. Enzi zake alipiga solo kwenye bendi za harusi, Tanga hii ikiwa bado ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kila nikimchomekea gitaa kwenye ampu ya kisasa niliyo nayo hutoa hukumu ya neno moja: "Kavu." Mimi ni fundi simu. Nimezoea volti 3.7 za betri. Hapa tunakwenda kwenye 300.

Ampu ya gitaa ya valvu ni nusu ya redio. Redio ina upande wa kukamata stesheni na upande wa kukuza sauti. Uondoe wa kwanza, gitaa uliingize kwenye wa pili, kazi imekwisha. (Imekwisha kwa maneno.) Leo Fender mwenyewe, ambaye ampu zake ndizo wengi wanazoziiga, alianza na duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938.

Nimefungua mgongo wa redio. Vumbi, mayai mawili ya mjusi, na valvu sita zimesimama kama askari waliosahauliwa lindoni: ECH81, EF89, EABC80, EL84, EZ80, na EM80, lile jicho la kijani linalofumba stesheni ikikaa sawa. Ninazozihitaji ni EL84 ya kusukuma spika na EZ80 ya kugeuza umeme geu (AC) wa ukutani uwe wa moja kwa moja (DC). Spika yenyewe mende wameila karatasi.

Kabla ya hii niliikataa redio nyingine, nzuri zaidi kwa sura, na bei yake ilikuwa chini. Niliikataa kwa sababu valvu zake zilianza na U: UCH81, UL84, UY85. Redio za namna hiyo hazina transfoma ya umeme. Nyuzi za kupasha valvu zimeungwa kwa mfuatano moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, na chasisi yake (bati linaloshikilia vifaa) inaweza kuwa na volti 230 kutegemea plagi umeigeuzia upande gani. Kwa redio iliyofungwa ndani ya mbao, sawa. Lakini nyuzi za gitaa zinaungana na chasisi, na vidole vya mpigaji viko kwenye nyuzi. Hapo unamjengea mjomba wako kitanzi. Ukiona U kwenye valvu, irudishe kabatini.

8 Juni

Kupima transfoma ya spika. Haina maandishi yoyote, kwa hiyo nimeipa volti 12.4 za umeme geu upande wa nyuzi nyembamba, nikapima upande wa nyuzi nene: 0.35. Uwiano ni 35.4, na ukiuzidisha kwa wenyewe unapata kama 1,255. Ukifunga spika ya omu 4, EL84 itaona omu 5,000 na kitu; karatasi yake ya data inataka 5,200 kwa volti 250. Ukifunga ya omu 8 itaona 10,000, mzigo ambao haukukusudiwa. Mjomba ana boksi la zamani lenye spika mbili za inchi 8, omu 8 kila moja. Zikiungwa sambamba zinakuwa 4. Hesabu zimekubali zenyewe, jambo ambalo kwenye kazi zangu ni nadra.

14 Juni

Vifaa. ECC83 mpya, valvu ya kukuza sauti ndogo ya gitaa (mbili ndani ya kioo kimoja), imetoka Slovakia, ambako bado zinatengenezwa, ikapitia kwa rafiki aliye Dar. Kapasita na rezista zimekuja kwenye kifurushi hicho hicho. Kapasita za karatasi zilizokuwa ndani ya redio nimezitupa zote. Moja nimeipima kwanza kwa udadisi: ilikuwa inavujisha umeme wa moja kwa moja kama ungo unavyovujisha maji. Ile inayokaa kabla ya gridi (mlango wa kuingilia sauti) ya EL84 ikivuja hivyo, valvu inawaka nyekundu tumboni na kufa.

Kilichonitesa ni balbu. Mashine ya zamani haiwashwi mara ya kwanza bila balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfuatano. Pakiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na ampu inapona. Maduka ya umeme siku hizi ni LED tupu. Nimeipata kwa muuza vyakula vya kuku, anaziuza kwa ajili ya kupasha vifaranga.

21 Juni

Chasisi. Fundi bati wa Ngamiani, anayekunja makarai na ndoo siku nzima, amenikunjia bati la alumini la milimita 1.5 kwa dakika kumi na tano, akaniuliza kama ni sanduku la zaka. Matundu nimeyatoboa mwenyewe, na yanaonekana ni ya mtu aliyetoboa mwenyewe.

Chuma changu cha kuchomelea, kile cha ncha ya sindano ninachotumia kwenye simu, hakikufua dafu kwenye vituo vinene. Joto linamezwa na shaba kabla risasi haijayeyuka. Nimeazima cha wati 60 kwa fundi redio wa mtaa wa pili, mzee ambaye alinipa pamoja na sharti: "Ukishika humo ndani, mkono mmoja mfukoni." Maana yake umeme usipate njia ya kutoka mkono huu kwenda ule kupitia kifuani. Nilikuwa nimevaa msuli. Msuli hauna mfuko. "Basi uweke mgongoni," akasema, "lakini uweke."

Jambo jingine la usalama, na hili lilinishtua kuliko valvu. Soketi ya ukutani ya chumba ninachofanyia kazi ina matundu matatu, lakini nilipopima kati ya waya wa moto na wa ethi (wa kwenda ardhini) mita ilisoma volti 90 na ushee, namba inayoyumbayumba. Ethi haikuwa imeungwa popote. Tundu la tatu lilikuwa pambo. Fundi umeme amekuja, amepigilia nondo ya shaba ardhini nyuma ya jiko, sasa inasoma 238. Ampu hii haitachomekwa mahali pasipo na ethi, hata kama ni harusi ya mtoto wangu.

28 Juni

Imewashwa. Balbu ilimulika mara moja, ikafifia, ikatulia na mwanga wa mshumaa. Baada ya nusu dakika hivi valvu zilianza kuona haya, rangi ya chungwa chini kabisa, na chumba kikanuka vumbi linaloungua. Nikaondoa balbu.

Nyuzi za kupasha: volti 6.8, wakati zinataka 6.3. Transfoma ilisukwa kwa umeme wa 220 na ukutani kwangu ni 238, hivyo kila kitu kimepanda kwa kiwango hicho hicho. EL84 inakula ampia 0.76, EZ80 0.6, ECC83 0.3, jumla 1.66. Rezista ndogo kila upande wa waya, zote mbili kwa pamoja omu 0.33, zinakula nusu volti na kidogo. Sasa ni 6.27. Nimeridhika.

Kapasita ya kwanza baada ya EZ80 ni ya maikrofaradi 47. Nilishawishika kuweka 100 ili kupunguza mvumo, lakini data ya EZ80 inasema isizidi 50, maana kila inapojaa inavuta mkondo mkali kupitia valvu. Mvumo una dawa nyingine.

Na mvumo upo. Upo haswa. Ampu inakoroma kama mzee aliyelala chali baada ya pilau.

29 Juni

Hii ndiyo siku niliyojifunza kitu, kwa hiyo niiandike yote.

Mjomba alikuja asubuhi. Shikamoo, marahaba, chai na mihogo, kisha akasikiliza lile koromo bila kusema. Mimi nilikuwa nimeshika mita na nadharia tatu. Yeye akaomba gitaa lake kavu, lile analoliita galatoni, akabana waya wa sita, kituo cha tatu, akapiga.

"Ni G, mjomba," akasema. (Ananiita mjomba kama ninavyomwita.) "Imezidi kidogo. Sikiliza inavyopepea."

Kweli. Sauti ya gitaa na ya ampu zilikuwa zinapandana na kuachana, wimbi-wimbi, kama mara mbili kwa sekunde. Nikaenda kwenye daftari. G ya pale ni mitetemo 98 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa mitetemo 50, lakini EZ80 inatumia nusu ya juu na ya chini ya wimbi, zote mbili, kwa hiyo baada yake mvumo unatoka wa 100. Mia kutoa 98 ni mbili. Mjomba alikuwa ametumia sikio kunipa jibu ambalo kwa mita ningelitafuta mchana kutwa: mvumo huu umezaliwa baada ya EZ80. Hautoki kwenye nyuzi za kupasha, hautoki kwenye waya wa gitaa.

Sasa wapi? Nilifuata waya mmoja mmoja. Upande hasi wa ile kapasita ya kwanza nilikuwa nimeuchomelea kwenye chasisi karibu na tundu la gitaa, kwa sababu palikuwa na skrubu. Basi ile mikondo mikali ya kujaza kapasita, mara 100 kila sekunde, ilikuwa inasafiri kwenye bati lile lile ambalo gitaa linalitumia kama sifuri yake. Sifuri ilikuwa inacheza, na ECC83 ikawa inaukuza huo mchezo kwa uaminifu.

Nimeuhamisha: hasi ya kapasita kwenda moja kwa moja kwenye waya wa katikati wa transfoma, na kutoka hapo waya mmoja tu kwenda kwenye sifuri za valvu, na chasisi kuungwa mahali pamoja, karibu na tundu la gitaa. Robo tatu ya koromo imeondoka. Iliyobaki nimeikata kwa rezista ya omu 220 ikifuatiwa na kapasita nyingine ya 47 kabla umeme haujafika kwenye transfoma ya spika. Rezista hiyo inapoteza kama volti 13. Na zipotee, zilikuwa nyingi.

5 Julai

Mjomba amerudi, amebana tena G ile. Safari hii akatikisa kichwa. "Ni ile ile lakini ya chini. Ingekuwa gitaa la besi, ningeibana pale pale." Oktava moja chini, yaani 50. Sasa ndiyo tunafika kwenye umeme ambao haujageuzwa.

Redio nyingi zilitungwa upande mmoja wa nyuzi za kupasha uungwe kwenye chasisi, na mimi nilikuwa nimeufuata mtindo huo bila kufikiri. Kwenye redio haidhuru sana. Kwenye gitaa, ambako tunakuza kitu kidogo mno, inasikika. Nimeukata, nikaweka rezista mbili za omu 100, moja kila upande, zikutane kwenye sifuri. Sasa pande mbili za waya zinapanda na kushuka kwa kupingana na kelele yao inafutana. Nimezisokota waya zenyewe kama ukili na kuzilaza pembeni mwa chasisi, mbali na gridi.

Kikabaki kimvumo chembamba cha ukaidi. Nikazima, nikachomoa EL84, nikawasha: bado kipo! Valvu ya kusukuma spika haipo na spika inavuma. Basi hakipiti kwenye valvu kabisa; transfoma ya umeme inairushia ile ya spika hewani, chuma kwa chuma. Dawa ni kuigeuza moja robo mzunguko. Wenye busara hujaribu hilo kabla ya kutoboa, wakiwa na hedifoni kwenye transfoma ya spika. Mimi nimetoboa upya, na matundu mawili ya zamani yapo wazi kwa yeyote anayetaka kucheka.

Kimya. Kinachosikika ukiweka sikio kwenye spika ni pumzi tu. (Na simu yangu, ikiwa mezani: tu-tu-tut, tu-tu-tut. Hilo nalijua dawa yake, ni kuiweka mbali.)

6 Julai

EL84 inachemka kupita kiasi. Kwenye kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) nimeweka omu 150, na inasoma volti 8.1, yaani miliampia 54. Toa 5 za skrini (gridi ya pili ya valvu), zinabaki 49. Anodi, inayozipokea elektroni, ni 262. Ukitoa zile 8 inabaki 254, na 254 mara 49 ni wati 12.4. Mwisho wake ni 12. Valvu hii imemkuta bibi na itaniacha mimi, siwezi kuiunguza. Nimeweka omu 180: sasa wati 11.4. Kwa sikio, hakuna tofauti.

12 Julai

Mluzi. Nilikuwa nimesikia juu ya mluzi huu lakini sikuujua ukubwa wake.

Ampu nyingi hurudisha sehemu ndogo ya sauti kutoka kwenye spika hadi kwenye valvu ya nyuma, kinyume, ili ijisahihishe. Kwangu ni rezista ya kilo-omu 22 kutoka kwenye spika hadi kathodi ya nusu ya pili ya ECC83. Nimeichomelea, nikawasha, na ampu ikapiga yowe hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Ilikuwa inajirudishia sauti bila kuigeuza. Badala ya kujisahihisha, inajichochea. Kuzima, kubadilishana waya mbili za transfoma upande wa spika, kuwasha: shwari. Transfoma yangu haina maandishi, na sikujua mapema waya upi ni upi. Unajaribu, na masikio ndiyo yanayolipa.

Onyo ambalo nimelibandika kwenye chasisi kwa kalamu nyekundu: USIPIGE BILA SPIKA. Transfoma isiyo na mzigo inarusha volti nyingi mno upande wa valvu, na hii sina nyingine.

19 Julai

Ubishi na mjomba, siku nzima, na sina hakika nimeshinda.

Anataka sauti safi, nyororo, kila noti isimame peke yake kama ushanga kwenye uzi. Ndivyo magitaa ya dansi yalivyopigwa, na hata taarabu ya hapa Tanga, Black Star walipoingiza gitaa la umeme, haikutaka makwaruzo. Mimi napenda ule mkwaruzo wa valvu ikizidiwa, ambao ndio sababu ya watu duniani kuhangaika na vioo hivi hadi leo. Wati 5 zinazidiwa mapema. Ukifika nusu ya sauti inaanza kunguruma kwa utamu, na mjomba anakunja uso.

Suluhu ni swichi kwenye ule waya wa 22. Ukiuunga, ampu inajisahihisha na kuwa mpole. Ukiukata, inapata nguvu na inakuwa na ulimi mkali. Upande wa juu, wa mkwaruzo, nimeandika M; wa chini, wa sauti safi, nimeandika J. Yeye hajawahi kuigusa M.

Nimejaribu pia kapasita ya kathodi ya kwanza. Ya maikrofaradi 25 inapitisha besi yote, ya 0.68, mtindo unaojulikana kwenye ampu za Marshall, inapunguza besi na kuacha sauti ya juu ikate hewa. Nilibadilisha huku mjomba amenipa mgongo, nikamwomba apige bila kumwambia ni ipi. Kwa 25 alisema, "Imevimba." Kwa 0.68: "Inalia njaa." Nikaweka ya 4.7 iliyokuwa kwenye kopo. Alipiga kwa dakika ishirini bila kusema neno, nikajua hiyo ndiyo.

26 Julai

Kasha ni la mbao za paini kutoka Lushoto. Nilitaka mninga, seremala akanicheka: "Utaibeba na nani?" Paini ni nyepesi na haidai. Mshikio ni kamba ya katani niliyosuka mwenyewe mara tatu. Tanga ukinunua mshikio wa plastiki utaulizwa maswali.

Jioni tulimpelekea bibi wa Barabara ya 8 aione. Mjomba alikaa ukumbini, akachomeka (nilipima ethi kwanza, ipo), akapiga mambo ya zamani taratibu. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akaizunguka ampu, akachungulia nyuma kwenye valvu zinazowaka.

"Imependeza," akasema. "Ila jicho lake mmeliweka wapi?"

Lilikuwa kwenye droo yangu, limefungwa gazeti.

2 Agosti

EM80 imerudi kazini. Nyuzi zake zinakula ampia 0.3, na transfoma haina shida: ilizoea kulisha ECH81, EF89 na EABC80 ambazo hazipo tena. Volti ya kupasha imeshuka hadi 6.2, inakubalika. Sauti naichukua kwenye transfoma ya spika, inapita kwenye dayodi na kapasita ndogo hadi kwenye gridi ya jicho. Tundu la mbele ya kasha nimelikata kwa msumeno wa uzi, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii limetoka duara kweli.

Kioo kimechoka, kijani chake kimefifia, mchana hukioni. Taa ikizimwa, ukigusa waya wa kwanza jicho linafumba, noti inapokufa linafumbua polepole. Kesho baada ya magharibi naipeleka Ngamiani.